Sombe Mbele ya Shemeji

Juma hii tumezika jirani yangu wa mutaa wa Bigo, fundi wa matofali, na ninawaandikia nikiwa na moyo mwepesi. Musishangae. Alikufa kwa ugonjwa, ku kitanda chake, muke wake akimushika mukono. Alipata sanduku la mbao, na tuliimba wimbo mpaka mwisho bila mutu kukimbia katikati. Kwa Bunia ya vita hii, hiyo peke yake ni ya kushukuru. Lakini kilichonituliza zaidi ni nyumba: mujane yuko ndani bado, na funguo amezifunga mu kitambaa chake.

Niwaeleze. Kabla hatujakimbia mara ya kwanza, risasi zilikuwa zinasikika upande wa mulima na kila mutu alikuwa anafunga mizigo. Yeye alichinja kuku, akaita majirani na mudogo wake, ambaye sasa ndiye mukubwa wa ukoo. Muke wake, mutu wa Mahagi, alipika sombe ya majani ya muhogo na mawese. Huyu mama ukoo haukumupenda. Walimuita mugeni hata kisha kuzaa watoto wanne. Tulipokaa, fundi akafunika chungu.

“Mudogo wangu, siku nikikufa, nyumba hii ni ya nani?”

“Kaka! Unaita kifo, na siye tuna njaa?”

“Kifo kinajua njia ya Bigo. Jibu. Hakuna kula mbele ya kujibu.”

Mudogo aliangalia chungu, akaangalia kaka yake. “Aya, nyumba ni ya mama ya watoto, na watoto. Leteni sombe!”

Tulicheka sana. Mimi nilimugombeza: “Fundi, acha michezo, nenda ku komini, ku ofisi ya serikali, uandike.” Akanijibu, “Mama, nimekwisha kuandika. Lakini karatasi inaungua. Ninyi mutakimbia na masikio yenu.” Na kweli, tuliporudi kutoka ukimbizi wa Mambasa tulikuta mabati yameibiwa na sanduku lake la karatasi limekuwa majivu. Alipiga mabati mengine, akaishi humo mpaka mapafu yakamushinda.

Siku ya kumaliza kilio, mudogo alisimama chini ya turubai. Hakuwa mutu mubaya. Vita ilimunyanganya nyumba yake kule Djugu, na alikuwa na watoto wasio na pa kulala. Akasema, “Parseli hii, kiwanja na nyumba, ni ya ukoo. Shemeji atarudi kwao Mahagi, watoto watabaki na siye.” Wajane wangapi nimewaona wakitoka hivyo, godoro ku kichwa! Mujane aliinuka, akaingia jikoni. Nilifikiri anaenda kulia. Akarudi na sahani ya sombe, akaiweka ku magoti ya mudogo, akafunika na mukono wake.

“Kula, shemeji. Lakini unajua kinachotangulia.”

Muzee mumoja nyuma akacheka kupitia puani, halafu mwingine, halafu turubai nzima. Mudogo aliangalia ule mukono. “Kaka alinikamata,” akasema. Kisha, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: “Nyumba ni ya mama ya watoto, na watoto.” Mujane akaondoa mukono. Mudogo akala huku machozi yakianguka mu sahani, na mujane, bila kuulizwa na mutu, akamwambia chumba cha nyuma kinaweza kulaza watoto wake mpaka Djugu itulie.

Mimi sikusoma sana, lakini hili ninalijua: sheria ya inchi inaweka watoto mbele mu uriti, na mujane hafukuzwi mu nyumba aliyoishi na bwana yake. Ni sheria nzuri. Leo, jaji aliyepaswa kuisema amekimbia sawa na siye. Ninyi wanaume munaofunga mizigo, munahesabu masufuria na magodoro, na nani atabaki mu nyumba hamumwambii mutu, kwa kuogopa kuita kifo. Mukikufa, munamuachia muke wenu kesi bila shahidi. Andikeni ku komini, ndiyo. Kisha piteni sokoni, mununue sombe, muite ndugu zenu wote, na musifunue chungu mpaka wajibu.