Nyuki wa Ukutani kwa Kanyere

Siku nilipomwona Kanyere kwa mara ya kwanza, mikono yake ilikuwa imezama ndani ya ukuta wa jikoni mpaka viwikoni. Nilifika Kipese na chukudu yangu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali, kutafuta viazi vya kupeleka Butembo. Mama yake alinikaribisha. Niliposikia mvumo wa nyuki, nikabaki mlangoni.

"Uko naogopa?" Kanyere akauliza bila kugeuka.

"Hapana."

"Basi mbona mugongo yako iko inje?"

Mama yake akacheka. Nikaingia.

Mizinga yao ilikuwa magogo yaliyotobolewa na kujengwa ndani ya ukuta wa udongo. Nyuki waliingilia nje, upande wa maharagwe. Kanyere alifungulia jikoni, akapuliza moshi kidogo, akakata asali ya nyuma na kuwaachia ya mbele.

"Nyumba ni ya banyuki," aliniambia. "Siye tuko balokatere, bapangaji tu."

Asali ile ilituliza kikohozi cha mama yake. Mwavokado wao ulizaa mpaka matawi yakaegemezwa kwa nguzo. Tena vita ilipopanda huku Lubero, askari walipora kuku na magodoro kijiji kizima. Mmoja alipiga ukuta wa Kanyere kwa kitako cha bunduki, na nyuki wakatoka. Askari walikimbia bondeni, wakaacha hata mbuzi wa jirani waliyekuwa wamemfunga kamba.

Nilirudi Kipese mara nyingi, hata viazi vilipokosekana. Nilinunua asali kuliko nilivyoweza kula. Kwetu mwanaume hajisemei mambo ya ndoa, na mimi hata salamu hunishinda. Nikamwomba dada yangu Florentine aende kuniulizia. Alikubali kwenda baada ya mavuno ya maharagwe.

Mapigano yakatangulia. Mama yake hakuweza tena kukimbilia porini, hivyo Kanyere akaamua kumpeleka kwa mjomba wao Ananie, huko Kamango. Mizinga ya ukutani haibebeki bila kubomoa nyumba. Akaniomba nikae pale niwatunze nyuki. Nikahamia.

Baadaye njia ya Kamango ikafungwa, na Florentine hakupata pa kupita. Wengine wanasema Kanyere na mama yake walivuka mpaka wakaingia Uganda. Wengine wanasema kwa Ananie hawakufika. Kila kahawa inapochanua, nyuki hujaza nyuma, nami nakata na kumwekea asali nyeupe, ile aliyoipenda. Jioni naegemeza sikio ukutani. Sijaoa.

Asubuhi ile walipoondoka, mama yake alikuwa ameshatangulia njiani na fimbo yake. Kanyere alijitwika godoro, akanipa kisu cha asali.

"Nilisikia dada yako alitaka kukuja kwetu," alisema.

Nikatazama chini. "Njo vile. Angekuja kisha mavuno."

"Ya kuuliza nini?"

Nikageuzageuza kisu mikononi. Akacheka taratibu, akaweka godoro sawa kichwani.

"Jibu iko, kaka Nzanzu. Lakini nitaambia dada yako, haiko weye. Florentine akuje Kamango."