Mama alihamia Bariadi na matuta ya Njombe

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea uani kwangu, hapa Bariadi, na sijaongeza chumvi.

Baada ya kumzika baba, nilimchukua mama Njombe aje kuishi nami. Alikuja na begi moja, na mbegu za kabichi na figiri kwenye pindo la khanga.

Akanipa sharti: "Mboga zangu zikikubali, nakaa. Zikikataa, narudi."

Arudi kwa nani? Nyumba ile imebaki tupu. Niliogopa, wakuu.

Mama akalima kama kwao. Njombe mvua ni nyingi na ardhi ni baridi, kwa hiyo unainua tuta maji yatoke, na unalitafuta jua. Akachagua katikati ya uwanja, akainua matuta manne, mazuri kama mikate.

(Hapa jua halitafutwi. Ukifungua mlango, limeshakaa.)

Akimwagilia asubuhi, saa sita tuta ni vumbi. Miche ilipokauka, nikamkuta anakunja nguo zake.

Siku hiyohiyo jirani yetu Mama Kulwa, mkulima wa pamba na mpunga, akachungulia, akamwamkia mama kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu! Mbona mboga umezipandisha jukwaani? Zinaimba kwaya?"

Mama akanuna. Mwenzake hakujali. Alichukua jembe akaenda nyuma ya jiko, penye kivuli cha mchana, akachimba kwenda chini, kingo zikabaki juu kama jaruba la mpunga.

"Huku mboga mnazizika?" mama akauliza.

"Tunazilaza, mayu. Zikisimama, jua linazila."

Mama akacheka. Tangu msiba, sikuwa nimesikia kicheko chake.

Wakapanda mbegu zilizobaki, wakatandaza pumba za mpunga kuhifadhi unyevu. Maji yakawa ya jioni.

Kabichi zilifunga ndogo kama ngumi, nakiri. Lakini figiri! Ilijaa hadi tukagawa.

Jumapili iliyopita nilimsikia mama akiongea na dada kwa simu: "Ile nyumba itafutieni mpangaji."

Nikatoka nje, nikajifanya namwagilia.

Nilichojifunza: ukihama, mbegu beba, lakini namna ya kulima kaombe kwa jirani. Mama Kulwa hayumo humu jukwaani, ila namshukuru hapa mbele yenu.

Mliotoka kwenye baridi kwenda joto, au kinyume chake, bustani zenu ziliwafanyaje? Nasoma kila jibu.