Karibu ya Soko la Likoni

Kwetu Likoni, mtu akikukuta unakula sharti umwambie "karibu," naye sharti ajibu "starehe" na kupita zake. Hakuna anayetarajia chakula, wala hakuna anayekitoa. Ni adabu tu.

Miaka miwili mitatu kabla ya uhuru nilikuwa nauza ndimu na pilipili katika soko la karibu na feri, mke mchanga mwenye ulimi mrefu. Asubuhi moja akaja mama wa Kizungu, mgeni wa likizo kutoka Ulaya aliyepanga nyumba ufukweni. Alikuwa na kikapu mkononi na kijitabu cha Kiswahili kwapani. Nami ndiyo kwanza nimefunua mbaazi zangu za nazi na mahamri manne, tangu alfajiri sijatia kitu mdomoni.

"Karibu," nikamwambia.

"Asante sana," akajibu, akakaa kwenye gunia langu, akachukua hamri.

Nikalitazama la pili likienda, kisha la tatu. Uchungu nilioona, wallahi, ulishinda wa jino. Jirani yangu muuza nazi, mwanamke bahili asiyempa mtu hata kifuu, alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Kicheko kile ndicho kilichonichokoza.

"Bibi," nikamwambia mgeni, "na mama yule pale ana samaki wa kupaka."

Mgeni akainuka. Jirani akawahi kufunika bakuli, lakini adabu ilimzidi nguvu, na mdomo ukasema "karibu" wenyewe. Samaki akaliwa upande mzima. Sasa ikawa zamu yangu kucheka.

Mgeni alipoondoka, jirani akanigeukia. "Weye! Wanitendeani? Upande ule hata mume wangu simpi!"

Kesho yake mgeni akarudi, amebeba sufuria kwa mikono miwili. Akakaa katikati yetu, akafunua. Mbaazi! Kazipika mwenyewe, hakuziroweka, na nazi haikuziona. Ukizitazama tu ulijua ni kokoto. Akatangaza kwa sauti, soko zima likisikia:

"Karibuni!"

"Starehe!" tukajibu sote kwa pamoja, kama tulivyofunzwa.

Akangoja. Kijiko kikabaki hewani. Akatutazama mmoja mmoja, tabasamu likimfifia polepole, machozi yakimlengalenga. Niliona haya. Mahamri yangu aliyala akiamini nimemkaribisha kwa moyo, na sasa alikuwa anangoja kujua kama ilikuwa kweli.

Aliyemwokoa si mimi. Yule bahili alinawa mkono, akasema bismillah, akazitia mbaazi kinywani. Nilizisikia zikilia menoni mwake. Kisha akanitazama kwa jicho la kisasi.

"Njoo ule, mwanangu. Si ndiwe uliyemfungulia mlango?"

Nikaenda. Muuza samaki mmoja naye akaja, na wenzake wawili. Tulitafuna mpaka mataya yakauma, tukashushia na maji, na kwa kuwa mwenyeji wetu alikuwa akitukodolea macho, tukasifu. Jirani yangu alisifu kuliko wote, akaapa kwamba mbaazi za namna ile hajapata kuzila tangu azaliwe, na hapo hakusema uongo. Mama yule alifurahi hata akapiga makofi.

Siku ya tatu akaja na sufuria kubwa zaidi.