Jiko Bado Liko Ukutani

Kufikia mwanzo wa Septemba, Ilka alikuwa ameshafungasha kila kitu isipokuwa jiko. Vitabu, sahani za marehemu mama yake, makoti ya baridi, vyote vilikuwa ndani ya maboksi ya ndizi aliyoyaomba dukani na kuyapandisha mwenyewe hadi ghorofa ya tatu. Mimi nakaa ya pili, chini yao kabisa, na kila boksi lililotua sakafuni kwao lilitua kichwani kwangu. Sikugonga bomba la joto kwa mpini wa ufagio kulalamika hata mara moja. Wanaonijua hapa Zeitz watakuambia hilo si jambo dogo.

Ilka ni fundi wa meno bandia. Karakana aliyoifanyia kazi tangu ujanani ilifungwa pale mwenye karakana alipostaafu bila kupata wa kumwachia, na kwa umri wake, miaka hamsini na ushee, hapakuwa na mwingine mjini aliyemtaka. Akapata kazi Rostock, huko kaskazini pwani, aanze Oktoba. Mumewe, Hagen, mtunza jengo wa shule, aliambiwa habari hiyo akiwa anakunywa supu ya viazi. "Sawa, tutaenda," akasema, wala hakuinua kichwa.

Sasa, kwetu Ujerumani mtu hahami akaacha jiko. Anashusha makabati, anang'oa sinki, anabeba na meza ya kukatia mboga, mwenye nyumba anabakiziwa kuta nyeupe na bomba linalochungulia ukutani. Na jiko la Hagen halikutoka dukani. Alilitengeneza kwa mikono yake mwaka waliooana, kwa mbao nzito alizoachiwa na baba yake, na hakuna mwingine aliyejua skrubu ipi imeingia wapi. Kulifungua ilikuwa kazi yake.

Jumamosi ya kwanza mgongo ulimkaba. Jumamosi iliyofuata drili ilikuwa kwa shemeji yake. Jumamosi ya tatu akaja na jipya: "Tukilifungua sasa tutapikia wapi? Bafuni?" Ilka hakubishana. Alichukua ndoo ya rangi akaenda kupaka chumba cha kulala, maana mkataba wa nyumba unataka kuta ziachwe nyeupe.

Mchana huo alishuka kwangu na rangi kwenye nyusi. Macho yalikuwa yamemwingia ndani.

"Kaa, nimekata keki ya plamu," nikamwambia.

"Nikikaa sitanyanyuka, Bi Roswitha."

"Basi usinyanyuke. Nani anakufukuza?"

Akakaa. Alikula keki yangu kama anayetafuna karatasi, na mimi nikanyamaza, jambo ambalo pia si dogo.

"Hagen haendi," akasema.

"Amekuambia?"

"Jiko bado liko ukutani. Anayetaka kuhama anafungua jiko."

"Si umuulize?"

"Nikimuuliza atanijibu. Sina nguvu za jibu." Akasukuma sahani. "Nimepanga foleni kwenye ngazi za watu kule Rostock, umati mzima tunagombania vyumba viwili, kila mmoja amechana nywele utadhani anakwenda kuposwa. Nimerudi kwa treni nimesimama. Nimeng'oa misumari, nimeziba matundu, nimepaka rangi. Nikilala, silali. Nasikiliza friji. Tangu Julai nasikiliza friji."

Niseme lililokuwa moyoni mwangu: kuna pembe moja iliyofurahi. Hagen akigoma, huenda na Ilka akashindwa kwenda, na mimi nibaki na mtu wa kunywa naye kahawa. Tangu nilipofiwa na mume wangu hakuna mwingine anayeteremka kunijulia hali. Nikaona haya, nikamwongezea keki ambayo hakuitaka.

Jioni Hagen alikuwa anafagia ngazi. Ilikuwa zamu yao. Nikafungua mlango.

"Kona ile umeiruka."

"Ndiyo, kamanda."

"Na jiko umeliruka."

Akaacha kufagia. Hagen ni pande la mtu, lakini alivyoegemea ule ufagio nilidhani ndio uliomshika asianguke.

"Alikwenda kuangalia nyumba peke yake," akasema. "Akasaini, ndipo akaniletea vipimo. Ukuta wa jiko haufiki hata mita mbili na nusu, Bi Roswitha. Jiko langu linapita tatu. Na analijua, analipangusa kila siku ya Mungu. Mtu anayetaka kwenda na mumewe anachukua ukuta kama ule?"

"Umemuuliza?"

"Nimuulize vipi? Ukimsemesha anafumba macho."

Hapo damu ikanipanda kichwani.

"Mjinga wewe! Alichukua ukuta aliopewa! Unafikiri kule ngazini kuna mtu aliyeulizwa anataka ukuta wa urefu gani? Yeye anakesha akiyatazama makabati yako, anasema wewe huendi, na wewe unakaa na mita yako unasema yeye hakutaki. Mmekuwa watoto?"

"Amesema siendi?"

"Amesema hana nguvu za kukusikia ukilisema."

Alimaliza ngazi, hata ile kona, akapanda kwake akivuta miguu.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Katika jengo letu Jumapili haipigwi nyundo, hazifuliwi nguo, mtoto hapigi mpira uani. Karatasi ya masharti iliyo mlangoni niliibandika mimi, na wa kwanza kulalamika huwa ni mimi. Nilikuwa nimetoka kula, nimejinyoosha kwenye kochi, niliposikia msumeno juu ya kichwa changu.

Nilipanda na ndara zangu miguuni, maneno yakiwa tayari mdomoni. Mlango ulikuwa wazi. Makabati yalikuwa sakafuni, yamepangwa kando ya ukuta, na kila kabati limefungiwa mfuko wa skrubu zake. Meza ndefu ya kukatia mboga, ile ya mbao za baba yake, ilikuwa imelazwa juu ya viti, imechorwa mstari wa penseli pale ukuta wa Rostock unapoishia. Hagen alikuwa ameipigia goti moja, vumbi la mbao hadi kwenye ndevu, na msumeno ulikuwa umeshaingia kiganja kizima.

"Najua leo ni Jumapili," akasema.

"Kwa kelele hizi utamwamsha Ilka."

Akanionyesha kwa kidevu. Katikati ya maboksi ya ndizi, juu ya godoro tupu, Ilka alikuwa amelala na viatu vyake, mdomo wazi, anakoroma.

"Alikaa pale akanitazama nikishusha kabati la kwanza," Hagen akasema kwa sauti ya chini. "Nilipoanza kukata, akalala. Nusu saa sasa."

"Mmesema nini?"

"Hatujasema kitu."

Kutoka chini sauti ya Bwana Kirbach wa ghorofa ya kwanza ikapanda ngazi. "Bi Roswitha! Huyu anayekata mbao Jumapili ni nani?"

Nikatoka mlangoni. "Ni mimi!"

"Wewe?"

"Mimi! Ukiwa na neno, subiri Jumatatu!"

Sijui kama aliamini, ila mlango wake ulifungwa. Niliporudi, Hagen alikuwa anahangaika. Ncha ya meza ilikuwa inaning'inia, na ubao ule ungepasuka kabla msumeno haujafika mwisho.

"Nikushikie?"

"Shika huko."

"Huku?"

"Huko huko. Hicho ndicho kipande kinachobaki hapa."

Nikakishika kwa mikono miwili. Msumeno ukaendelea, na Ilka akaendelea kulala.