Samaki wa Moshi wa Bwana Ogden

Bi Enid Pask wa nyumba ya saba, Gati la Kusini, alikuwa mwanamke hodari wa kila kitu isipokuwa kusema anachotaka. Simlaumu. Hapa Marlhithe, Uingereza, tangu niolewe sijamwona mtu anayesema anachotaka, na nimeolewa siku nyingi. Ukimkanyaga mtu mguu sokoni, yeye ndiye anayekuomba radhi. Marehemu mume wangu, Trevor, alinichumbia kwa kuniambia kwamba nyumba yake ina joto la kuwatosha watu wawili. Nilidhani anatafuta mpangaji.

Enid alikuwa akipokea wageni wa kulala. Wanakuja Ijumaa, wanaondoka Jumapili, na hayo wanayaita mapumziko. Vijitabu vya wageni husema kwamba mji wetu umesahauliwa na wakati. Mimi naona wakati haukuusahau hata kidogo, uliutazama vizuri ukaamua kupita. Zamani meli za sufu na mvinyo zilipanga foleni mtoni; siku hizi foleni iliyobaki ni ya choo cha umma pale gatini. Wageni hupiga picha ghala lililobomoka, huenda makumbusho kutazama nanga, hunywa chai, kisha hurudi kutazama nanga. Mvua ikinyesha husema inapendeza. Kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda vyao, kwa hiyo najua walivyolala, najua na walivyosema wamelala, na hayo mawili hayana undugu.

Dirishani Enid alikuwa na kibao chenye pande mbili. Upande mmoja kimeandikwa "Nafasi zipo" na wa pili "Tumejaa". Huo wa pili haukuwahi kuona jua. Hata nyumba ikijaa mpaka darini, Enid aliona ni ukatili kumkatalia mtu kwa maandishi. Afadhali agonge mlango, aingizwe ndani, apewe chai, ndipo aombwe radhi kwa robo saa nzima na kurudishwa mvuani.

Katika wageni wote hao alikuwapo Bwana Clement Ogden wa Leicester. Mjane, mrefu, mkaguzi wa mizani mstaafu, mtu ambaye koti lake la mvua halikumtoka hata siku ya jua kali. Alikuja kila Oktoba, chumba kilekile cha mbele, na kila Oktoba Enid alimpikia samaki wa moshi asubuhi. Mwaka wa kwanza soseji zilikuwa zimeisha, akampa samaki, akamsimamia pale mezani kuona kama atapenda. Bwana Ogden akasema, "Mtamu sana, asante." Basi, imekuwa sheria. Samaki hao hawauzwi Marlhithe. Enid alikuwa akipanda basi hadi mji wa pili, akarudi nao kwenye kikapu, na abiria wote, kwa harufu, wakishuka kabla ya vituo vyao.

Baada ya chai Bwana Ogden hutoka kutembea gatini, mvua au jua, na shakwe mmoja mnene humfuata nyumanyuma kama askari kanzu.

"Umeona, Zulfa?" Enid huniambia akiwa nyuma ya pazia. "Ndege wanamjua mtu mwema."

Lakini lililomtia Enid moto moyoni halikuwa ndege. Lilikuwa vitambaa vya mezani. Alivishona mwenyewe, vyeupe, vyenye nanga ndogo ya buluu pembeni, na kila Bwana Ogden akiondoka, viwili vimepungua. Mwizi wa kawaida angeiba kijiko. Enid hakumwita mwizi. Aliketi kitandani nilichokuwa nimekitandika sasa hivi, akanishika mkono, uso umemwiva.

"Anachukua ukumbusho," alisema.

"Basi mwulize."

"Nimwulize? Zulfa, kipenzi, mgeni haulizwi mambo ya vitambaa!"

Nilimwambia kwamba kwetu Tanga mshenga angekwishatumwa zamani, posa imeliwa, na watoto wa pande zote mbili wameshaanza kununiana. Akasema siyajui mambo yao. Nikamjibu nayajua, ndiyo maana nimechoka.

Mwaka huu ninaousimulia, mambo yalimfika shingoni. Mwanawe Rodney, anayeishi Peterborough na kuuza milango ya gereji, aliamua kwamba ngazi za nyumba ya gatini zitamuua mama yake. Akamtengenezea chumba juu ya gereji yake mwenyewe. Nimekiona. Kina dirisha moja, na ukichungulia unaona gereji ya jirani. Enid hakutaka kwenda. Alinililia mimi jikoni mpaka chumvi ikazidi kwenye supu. Lakini Rodney alipopiga simu alisema, "Vyema, mwanangu, usijisumbue," kwa sababu kukataa kungemsumbua Rodney. Nyumba ifungwe mwisho wa mwezi.

"Kama Bwana Ogden ana la kusema," aliniambia, "atalisema safari hii."

"Na wewe mdomo wako umeuazima?"

"Mimi ni mwenye nyumba, Zulfa."

Ijumaa ile mgeni alifika na begi lake dogo. Enid alimfungulia mlango akiwa amevaa gauni la kijani la kuendea harusi za watu, akajikaza, akasema, "Huu utakuwa mwaka wa mwisho, Bwana Ogden. Nafunga. Nahamia kwa mwanangu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na mataulo. Nikajisemea, haya baba, mpira uko miguuni mwako na goli halina kipa.

"Ah," alisema Bwana Ogden. Akafikiri. "Pole sana. Na hali ya hewa, mnadhani itatulia?"

Kisha akapanda ngazi. Katikati alisimama, akatazama karatasi ya ukutani kwa muda mrefu sana, karatasi ambayo haina lolote ila maua yaliyofifia. Nilitamani kumtupia taulo.

Hali ya hewa haikutulia. Jumamosi asubuhi maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kawaida, yalikuja na upepo nyuma yake, yakapanda gati, yakameza benchi, yakapiga hodi mlangoni kwetu. Hilo si jambo la kumshtua mtu wa hapa. Enid alivaa mabuti ya mpira, akaweka mbao za kuzuia maji mlangoni, tukaziba mianya kwa magunia, na alipomaliza akapika samaki wa moshi. Akampelekea mgeni kwenye chumba cha chai, akamtakia ulaji mwema, akarudi mlangoni kusukuma maji kwa ufagio.

Chumba cha chai kina dirisha la upande wa uchochoro. Maji ya bamvua huingia kwanza uchochoroni, huzunguka kona, ndipo yaje mlango wa mbele. Enid alizaliwa katika nyumba hiyo na analijua hilo. Bwana Ogden, kwa miaka yake yote ya kupumzika hapa, hakulijua.

Tulikuwa tumesimama nyuma ya mbao zetu, tukitazama takataka za mji zikipita: chupa, kiatu, kiti cha bustani cha jirani yetu Bwana Leggett. Kisha kona ikatuletea kifurushi cheupe, kimeloa, kinaelea taratibu kuelekea kwetu. Shakwe mnene alikuwa juu yake akikidonoa. Kikafika kwenye ufagio wa Enid, kikafunguka. Nanga ndogo ya buluu pembeni. Ndani yake samaki mzima, hajaguswa hata kwa uma.

Enid alimtazama samaki. Samaki naye, kwa jicho lililobaki, akamtazama Enid.

"Zulfa," alisema polepole, "yule ni samaki wangu?"

"Wa nani mwingine?"

"Na kile ni kitambaa changu."

Nilimwona akipiga hesabu yote kichwani, koti la mvua, matembezi, ndege anayemjua mtu mwema, vitambaa viwili kwa asubuhi mbili. Kila alichokuwa akikiota kilikuwa ni karatasi ya kufungia samaki. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika.

Alikiopoa kifurushi kwa ufagio, akakibeba kikichuruzika hadi chumba cha chai, akakitua kwenye sahani tupu mbele ya Bwana Ogden.

"Nadhani umeangusha hiki," alisema. Hata siku ya kiama watu hawa watakuwa na adabu.

Bwana Ogden alikuwa bado ameshika kitasa cha dirisha. Akawa mweupe, kisha mwekundu, kisha rangi ambayo sina jina lake. "Samahani sana," alisema.

"Samahani ya nini?"

"Ya dirisha. Nimeingiza baridi."

Hapo mimi nikashindwa. "Jamani, baba wewe! Maji yenyewe yamekuumbua, bado unasingizia baridi? Mwambie mwenzako ukweli!"

Akaketi. "Sipendi samaki wa moshi," alisema akiitazama meza. "Sijawahi kupenda. Harufu yake inanipindua tumbo."

"Mwaka wa kwanza ulisema mtamu sana!"

"Ulikuwa umesimama hapohapo. Ningesema nini?"

"Mimi mwenyewe siwavumilii!" Enid alipaza sauti, na nakuapia sikuwahi kuisikia sauti hiyo. "Nawapika nimebana pua! Mapazia yananuka mpaka Krismasi! Watu wa basi wamenichukia kwa ajili yako! Kipi kingine umenidanganya?"

"Kitanda kinazama katikati."

"Kingine!"

"Yale makumbusho. Nimeitazama ile nanga kila mwaka, Bi Pask, na sina habari nayo. Bandari za kale hazinihusu kabisa."

"Basi ulikuwa unafuata nini hapa?"

Shakwe alikuja akatua dirishani, akagonga kioo kwa mdomo, anadai haki yake. Hakuna aliyemjali.

"Mke wangu alipofariki," alisema Bwana Ogden, "watu waliniuliza, 'Habari yako?' na kabla sijafungua mdomo walikuwa wameshafika mtaa wa pili. Nikaja hapa kwa sababu ndiyo nauli niliyoiona imeshushwa. Asubuhi ukaniuliza kama nimelala vizuri. Halafu ukasimama na birika mkononi, ukasubiri."

"Ukasemaje?"

"Nikasema vizuri sana, asante."

"Ulikuwa umelala?"

"Hata lepe."

Enid alivuta kiti. Kukaa meza ya mgeni ni kosa kubwa kwa mwenye nyumba wa Marlhithe, nimeona watu wakifa na uchovu wamesimama. Akakaa. "Na vitambaa vyangu?"

"Ninavyo vyote. Nimevifua, nimevipiga pasi, vina droo yao. Nilitaka kuvirudisha, lakini ingebidi nieleze. Halafu ikafika mahali sikutaka tena kuvirudisha. Nikivitazama, Oktoba inakuwa karibu."

Mimi nilikuwa nalia kama mpumbavu na ndoo mkononi. Wao wawili walikuwa wakavu kabisa, wanatazama birika.

Enid akainuka, akamchukua samaki, akamrushia shakwe kwa dirisha. Kisha akaingia jikoni, akaweka kikaango motoni, akauliza kwa mlango ulio wazi swali ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumwuliza.

"Mayai unapenda vipi, Clement?"

Jina la kwanza! Nilishika meza.

"Vyovyote tu," akajibu Bwana Ogden. "Usijisumbue."

Kikaango kikaacha kulia. Enid alitokeza mlangoni na mwiko, anamtazama tu. Mimi moyoni nilikuwa nasoma dua zote nilizofundishwa chuo cha Kurani na nyingine nilizobuni papo hapo.

"Ya kuvuruga," alisema Bwana Ogden kwa haraka, kama mtu anayekiri mbele ya hakimu. "Laini. Pilipili manga usitie. Na Enid, chumba cha juu ya gereji usiende, tafadhali. Nyumba yangu ni kubwa na siipendi. Ningependa kukaa hapa. Si kwa siku mbili."

"Kitanda kinazama katikati," Enid akasema.

"Najua. Nitakitengeneza."

Alirudi kuvuruga mayai. Aliyavuruga muda mrefu kuliko mayai yanavyohitaji, mgongo ametupa sisi. "Zulfa," alisema bila kugeuka, "ukipita dirishani, geuza kile kibao."

Nikakigeuza. Kulikuwa na mgeni mmoja nyumba nzima, na nje hapakuwa na mtu wa kukisoma isipokuwa yule ndege.

Mchana maji yalipopungua Rodney alipiga simu kuuliza kama maboksi ya kuhamia aje nayo Jumanne au Jumatano. Nilikuwa nasugua matope mlangoni, nikamsikia mama yake kwa masikio yangu mawili. Alisema hapana. Nikasubiri samahani ije nyuma yake, nimeinua brashi hewani. Haikuja.