Chukulia Ni Kweli

Jumanne, kwenye mgahawa mmoja wa Huanshi Zhonglu hapa Guangzhou, niliketi jirani na dada wa Dar anayenunua jinzi za kupeleka Kariakoo. Jinzi zimemchosha. Jumamosi anafanya mtihani wa kuomba chuo cha sheria ng'ambo, na shoga yake alikuwa akimsomea maswali ya mazoezi kwenye simu.

"Kiwanda kinasema nguo zake zote zimekaguliwa. Chukulia ni kweli. Gauni hili limetoka kiwandani humo. Tunajua nini?"

"Tunajua tumepigwa," alijibu, akichambua samaki.

"Shoga, jibu ni kwamba gauni limekaguliwa."

"Kalikagua nani? Ulikuwepo?"

"Swali limesema ni kweli."

"Laoban wangu wa Kangle, bosi mzima mwenye karakana, naye husema ni kweli. Zipu zake zinaishia katikati."

Shoga akamweleza kwamba mtihani haumtaki aamini, unataka tu aseme akiamini kinafuata nini. Dada akafumba macho, akanong'ona kama anayesoma dua: "Chukulia ni kweli. Chukulia ni kweli."

Simu yake ikaita. Alikuwa wakala wake wa bandari ya Huangpu, na sauti ilifika hadi mezani kwangu: "Dada, mzigo wote umeshaingia kwenye kontena."

Shoga alimtazama kwa matumaini.

"Nachukulia ni kweli," dada alisema taratibu. "Sasa washa video, nione robota la mwisho."

Chuo kikimkataa, nitakielewa. Ila siku nikifikishwa mahakamani, namwomba Mungu asiwe upande wa pili.