Nilimsemea Nekesa Uongo Mbele ya Mamake

Mimi ni mtu ovyo. Naanza na hilo ili usije ukanionea huruma katikati ya njia.

Nilikuwa msaidizi wa darasa la watoto viziwi, huku Kakamega. Mwalimu akiongea, natafsiri kwa mikono. Watoto wakijibu kwa ishara, nawatolea sauti. Na huyo mwalimu! Miaka sita na viziwi, hajui hata ishara ya maji. Akitaka watulie anapiga meza, halafu anashangaa mbona hawageuki. Mjinga kabisa! Basi mimi katikati ya wajinga nikavimba kichwa, nikajiona shule ni mimi.

Sasa kuna msichana, tumwite Nekesa, miaka kumi na mitatu, kwao ni Shianda. Siku moja tulitembelewa na wakubwa wa elimu. Natafsiri somo la mimea, naringa kweli kweli, Nekesa akainua mkono. "Umekosea. Mizizi ni hivi." Akanionyesha. Darasa zima likaangua kicheko, na viziwi wakicheka wanacheka kwa sauti! Mgeni akauliza kuna nini. Nikasema ni utundu tu.

Lakini nilichemka. Mtoto wa juzi anikosoe mimi mwenye cheti?

Muhula ukaisha, mamake akaja kumchukua. Shangazi wa mtoto ana hoteli Malava, alikuwa anatafuta msichana wa kuosha vyombo.

"Mwalimu," mama akaniambia, "mimi na huyu tunaelewananga kwa kidole tu. Niulizie. Anataka shule ama aende kwa shangazi? Akitaka shule, tutajikaza."

Nikamuuliza. Nekesa akajibu mbio mbio, mikono inaruka. "Shule! Hapa watu wanaongea na mimi. Nyumbani wananionyesha tu sufuria na jembe. Mwambie mama nataka kubaki."

Nikamgeukia mama. "Anasema amechoka na shule."

Sentensi moja! Nilijidanganya kwamba namtisha kidogo tu, kwamba shule ikifunguliwa nitarekebisha. Upuuzi mtupu. Nilitaka aumie, basi.

Mama akashusha pumzi. "Haya. Kama amesema mwenyewe." Akatikisa kichwa kukubali. Nekesa alipoona kile kichwa akajua mambo yake yamekubaliwa. Akanigusa bega, akanipa ishara ya asante. Asante! Na mimi, bila haya, nikamjibu karibu.

Shule ikafunguliwa, kiti chake kitupu. Wiki ya kwanza nikanyamaza. Ya pili pia, maana mwoga hakosi sababu. Ya tatu nikashindwa hata kula obusuma, ugali wetu wa kila siku, nikaenda Malava.

Nilimkuta nyuma ya hoteli, mikono kwenye maji ya masizi. Aliponiona aliruka kwa furaha. Akauliza, "Ulimwambia mama nini?"

Nikamwambia ukweli wote.

Akajipangusa mikono kwenye gauni, polepole. Halafu akafumba macho. Elewa hapo: kiziwi akifumba macho, umekwisha, huna pa kupitishia neno. Nikamgusa bega, akatoa mkono wangu bila kufumbua. Nikabaki nimesimama, naomba msamaha kwa mikono kama mwendawazimu, mbele ya mtu asiyeniangalia.

Nikatoka hapo mbio hadi Shianda kwa mamake. Nikapiga magoti. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, hata hakupandisha sauti.

"Juzi ulisema amechoka na shule. Leo unasema anaipenda. Nitajuaje ni lini ulidanganya? Na ukiniletea mwenzako wa kutafsiri, huyo naye nitamwaminije? Toka kwangu."

Nikatoka. Shuleni nilijisema mwenyewe kwa mkuu, nikafukuzwa, na ilikuwa haki. Mkuu alienda Shianda akiwa na mtafsiri mwingine. Mama hakufungua mlango. Mpaka leo Nekesa anaosha sufuria Malava, na hapo hotelini hakuna hata mmoja anayejua ishara.

Na wewe unayemsemea mtu, awe kiziwi, awe mgonjwa, awe nyanya yako asiyejua Kiswahili cha ofisini, sema alichosema. Hata kama anakutukana, litoe tusi lote lilivyo. Na kama unajiona mkubwa sana hata hukosolewi, achana na kinywa cha mwenzako, rudi nyumbani ukawaringie kuku!